Bustani ya mboga ya mlowezi, Masisi na Walikale

Ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa uzio karibu na nyumba kubwa ya shamba, kikalimwa kwa ajili ya meza ya mwenye shamba wala si kwa soko. Ulaya kilijengewa kuta zinazotunza joto la jua. Bustani ya mfalme Louis wa 14 huko Versailles, iliyojengwa 1678–1683, ina hekta zipatazo 9.

Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, haikuhitaji kuta. Vilima vyake, vingi vikizidi mita 1,500, vina ubaridi unaozifaa kabichi, karoti na liki, na udongo wa volkano si mchoyo. Uzio wa miti hai ulitosha kuwazuia ng'ombe.

Swali gumu ni ardhi yenyewe. Comité National du Kivu, taasisi ya kikoloni ya Ubelgiji iliyoundwa 1928, iliwagawia walowezi maeneo makubwa ya kahawa na pareto, mengine yakiwa ardhi ya Wahunde, wenyeji wa hapo. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya Wanyarwanda, na wengi wakawa vibarua. Mwaka 1973 Rais Mobutu aliwanyang'anya wageni mashamba na biashara, akawapa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Wenye vyeo, bila shaka, walitangulia kwenye foleni.

Walikale, jirani ya Masisi, ni habari nyingine: msitu mnene, joto, walowezi wachache. Huko bustani ya jikoni ni ya mama wa nyumba, yenye lengalenga, sombe, pilipili na migomba, bila uzio wa kujivunia.

Kabichi na viazi vya Masisi bado huteremshwa hadi masoko ya Goma, vita vikiruhusu barabara kupitika.