Nyumba za Msajili na mtu wa tatu kwenye ubia

Wazee wa Upanga na Kisutu bado wanasema "ile nyumba ya Msajili", ingawa Ofisi ya Msajili wa Majumba ilifutwa mwaka 1990 na mali zake kupewa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Hilo jina lilianza Aprili 1971. Sheria iliyopitishwa mwezi ule ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kama jengo lilikuwa limepita miaka 10, mwenyewe hakupata fidia. Wengi walionyang'anywa walikuwa Watanzania wa asili ya Kiasia. Waliomsoma M.G. Vassanji, aliyekulia hapahapa Dar, wanaijua jamii hiyo.

Kisichosimuliwa sana ni kilichozipata nyumba zenyewe baada ya hapo. Kodi zilidhibitiwa kisheria, na sheria ya udhibiti ilikuja kufutwa 2005 tu. Kwa mpangaji ilikuwa neema. Kwa jengo ilikuwa msiba wa polepole, maana mfumuko wa bei wa miaka ya 80 uliila ile kodi mpaka ikawa haitoshi hata kupaka rangi ngazi. Paa likivuja, mpangaji anatafuta fundi kwa hela yake. Maji taka yakifurika, wapangaji wanachangishana. Tuseme ukweli, nyingi ya nyumba zile zilisimama kwa mifuko ya watu ambao si wenye nyumba.

Ndipo ukaja ubia. NHC haikuwa na mtaji ila ilikuwa na viwanja, tena katikati ya mji. Mfanyabiashara alikuwa na mtaji. Basi shirika linatoa ardhi, mwenzake anajenga, kile kijumba cha ghorofa moja au mbili kinaanguka na mahali pake linapanda ghorofa refu, kisha wanagawana. Kimahesabu sina ugomvi nao. Ila ubia wa namna hiyo una wahusika watatu na saini mbili. Mpangaji aliyeziba paa miaka 20 anaingia kwenye hadithi kama mtu wa kupewa notisi.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Kisutu, liliporomoka. Watu 36 walikufa, wakiwemo watoto. NHC ilikuwa mbia kwenye mradi ule. Kila nikipita mtaa ule najiuliza swali lilelile: shirika la umma likishakuwa mgawana faida, nani anabaki nje ya mkataba mwenye nguvu ya kusema simamisheni?

Magomeni Kota walipita njia nyingine. Nyumba zilibomolewa, kaya 644 zikatawanyika kupanga huku na kule, na kiwanja kikakaa kitupu miaka kadhaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza zijengwe upya kwa fedha za serikali, akawaahidi wakazi wa zamani miaka 5 bila kodi. Rais Samia alizifungua Machi 2022. Nyumba ngapi? 644. Subira ile iliwaumiza watu, na wapo wazee waliofariki bila kuiona hata ngazi ya jengo jipya. Lakini ile idadi haikupungua hata moja, na hapo ndipo ninapoiona tofauti na Kisutu: watu walihesabiwa kwanza, majengo yakafuata hesabu yao.

Serikali haiwezi kujenga kila mtaa hivyo, hela haipo. Ndiyo maana Novemba 2022 NHC ilizindua sera mpya ya ubia, na wawekezaji wakaitwa tena. Mimi siku hizi nikiletewa habari ya mradi wa aina hii Kariakoo, idadi ya ghorofa naiuliza mwisho. Kwanza nataka majina ya waliokuwa wanakaa pale, na mstari wa mkataba unaosema watarudi chumba namba ngapi.