Ukungu wa Jicho na Miaka Mia Moja ya Insulini

Mwaka 1920 daktari kijana kutoka Uskoti, Robin Lawrence, alikuwa London akijizoeza upasuaji wa mfupa ulio nyuma ya sikio. Alikuwa akichonga mfupa wa maiti, kipande kikaruka na kumpiga jicho la kulia. Jicho lilivimba na kutunga usaha, akalazwa. Mkojo wake ulipopimwa ukakutwa na sukari. Hakuwa ametimiza miaka 30, na enzi hizo kijana mwenye kisukari alihesabiwa kuwa ni mtu wa kufa.

Lawrence aliachana na upasuaji, akaishi kwa chakula cha kupimwa kwenye mizani, na alipoona nguvu zinamwishia akahamia Florence, Italia, asije akafia mikononi mwa jamaa zake. Mei 1923 alipata telegramu ya mwenzake wa hospitali ya King's College: insulini imefika, inafanya kazi, arudi haraka. Alichomwa sindano ya kwanza tarehe 31 mwezi huohuo. Aliishi hadi 1968, akawa bingwa wa kisukari nchini Uingereza, na mwaka 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa mgonjwa wake, alianzisha chama cha wagonjwa wa kisukari kinachoendelea mpaka leo.

Insulini yenyewe ilikuwa imetoka Toronto, Kanada. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo iliyotolewa kwenye kongosho la wanyama na Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J. J. R. Macleod. Kabla ya hapo tiba iliyotegemewa ilikuwa njaa: mgonjwa alinyimwa chakula karibu chote ili sukari ishuke, akabaki mifupa mitupu. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifikishwa kwa Banting Agosti 1922 akiwa na umri wa karibu miaka 15 na uzito wa kilo 20 hivi. Alikufa mwaka 1981, akiwa bibi wa miaka 73.

Watu walipoanza kupona ghafla namna hiyo, ndipo jambo la macho lilipojitokeza wazi. Mgonjwa aliyeanza sindano alipata nguvu, kiu ikakatika, uzito ukarudi, lakini baada ya siku chache maandishi ya gazeti yakawa ukungu mtupu. Mtu ametoka kuokolewa na sasa anadhani anapofuka. Hofu hiyo mtu asiidharau. Hata leo wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo, wakiamini sindano au vidonge ndivyo vinavyowaharibu macho.

Aliyelichunguza suala hili kwa makini ni Mskoti mwingine, Stewart Duke-Elder, ambaye baadaye alikuwa daktari wa macho wa wafalme wa Uingereza. Mwaka 1925 alichapisha makala kuhusu namna nguvu ya jicho ya kupinda mwanga inavyobadilika kwa mgonjwa wa kisukari. Alionyesha kwamba sukari ya damu inapopanda, jicho huelekea kuona vya karibu na kupotewa na vya mbali. Sukari inaposhushwa kwa tiba, mambo hugeuka: vya mbali huonekana, vya karibu hufifia. Chanzo alikiweka kwenye lenzi ya jicho na maji yanayoingia na kutoka ndani yake.

Maelezo ya kikemia yalikuja kutoka Oxford mwaka 1959, Ruth van Heyningen alipoonyesha kwamba sukari inapozidi ndani ya lenzi hugeuzwa kuwa sorbitoli. Glukosi huingia kwenye lenzi bila kusubiri ruhusa ya insulini, lakini sorbitoli ikishatengenezwa haitoki upesi. Damu inaposafishwa sukari kwa siku chache, sorbitoli iliyobaki ndani ya lenzi huvuta maji, na lenzi hupoteza kipimo chake cha kawaida. Kwa kawaida jicho hutulia lenyewe baada ya wiki kadhaa. Hii ndiyo sababu madaktari wa macho humwambia mgonjwa mpya asikimbilie kununua miwani: ile itakayopimwa wiki hii haitamfaa mwezi ujao, na fedha yake itakuwa imekwenda bure.

Ukungu huu wa lenzi, basi, unatisha lakini hupita. Ugonjwa wa kuogopwa uko nyuma zaidi, kwenye retina, nao huanza bila ukungu, bila maumivu, bila dalili yoyote.

Kuuona kulihitaji chombo. Hermann von Helmholtz alikitengeneza mwaka 1850, kifaa cha kumulika ndani ya jicho la mtu aliye hai, na miaka michache tu baadaye Eduard von Jaeger wa Vienna alichora mabaka aliyoyaona kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari. Hakusadikiwa. Albrecht von Graefe wa Berlin, aliyekuwa na sauti kuliko wote katika fani hiyo, alisema hakuna ushahidi kwamba kisukari ndicho kilichosababisha. Ubishi uliendelea kwa miongo kadhaa, na kwa kiasi fulani unaeleweka: kabla ya insulini vijana wenye kisukari walikufa mapema mno, retina isipate muda wa kuharibika. Ni katika miaka ya 1940, Arthur Ballantyne wa Glasgow alipochunguza mishipa midogo ya damu ya retina, ndipo ilipokubalika kwamba huo ni ugonjwa wa kisukari chenyewe.

Kufikia wakati huo kizazi kilichookolewa Toronto kilikuwa kimeanza kupofuka. Madaktari walihangaika. Wengine walifikia hatua ya kuharibu au kuondoa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, baada ya Jacob Poulsen wa Denmark kueleza mwaka 1953 habari za mwanamke ambaye retina yake ilipata nafuu tezi hiyo ilipokufa. Ilikuwa tiba ya kukata tamaa, yenye madhara makubwa.

Njia iliyofaulu ilianzia kwenye kupatwa kwa jua. Julai 1945 mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani alilitazama jua bila kinga akaunguza retina yake, na Gerd Meyer-Schwickerath, daktari kijana wa Hamburg, alipoliona kovu lile akajiuliza kama mwanga unaweza kutibu kwa kuunguza mahali palipokusudiwa. Alianza kwa kuelekeza miale ya jua kwa vioo hadi ndani ya macho ya wagonjwa, akiwa chini ya anga ya mji wenye mawingu mengi. Baadaye kampuni ya Zeiss ilimtengenezea taa ya ksenoni. Huko Boston, William Beetham na Lloyd Aiello waligundua kwamba jicho lenye makovu ya zamani kwenye retina mara nyingi lilisalimika na kisukari, wakaanza kuyaiga makovu hayo kwa leza ya rubi. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, kila mmoja akitibiwa jicho moja, ulionyesha kwamba leza inapunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu. Matokeo yalikuwa dhahiri kiasi kwamba watafiti waliruhusu macho ambayo hayakutibiwa, yaliyokuwa hatarini, nayo yapewe leza.

Swali la zamani likabaki: je, kushusha sukari kunalinda macho au kunayadhuru? Utafiti wa miaka kumi Marekani na Kanada, kwa wagonjwa 1,441 wanaotegemea insulini, ulijibu mwaka 1993. Ni kweli kwamba mwanzoni retina za baadhi ya walioshushiwa sukari kwa nguvu zilizorota. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, hatari ya ugonjwa wa retina kuanza ilipungua kwa asilimia 76. Nchini Uingereza, utafiti wa wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya pili ulikuta zaidi ya theluthi moja tayari wana dalili kwenye retina siku walipogundulika.

Afrika Mashariki historia hii ilichelewa kufika. Kati ya wagonjwa 1,250 walioandikishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya 1981 na 1987, wengi wa waliokufa walikufa kwa sukari isiyodhibitiwa na kwa maambukizi, kama ilivyokuwa Ulaya kabla ya 1922. Sasa watu wanaishi na kisukari miaka mingi zaidi, na macho yao yanahitaji kutazamwa. Basi aliyeambiwa leo kwamba ana sukari aendelee na dawa hata kama maandishi yana ukungu, amweleze daktari wake, asubiri kabla ya kununua miwani. Na mwenye aina ya pili aombe mapema, mara tu anapogundulika, atiwe matone ya kutanua mboni na kuchunguzwa retina, hata kama anaona vizuri kabisa.