Udongo Mweusi na Gari la Fowili

Mimi ni fundi wa magari Kariobangi, Nairobi. Mteja akiniuliza kwa nini mitaa ya Kayole na Utawala imejaa Subaru, sianzi na injini. Naanza na udongo.

Wakoloni walipoigawa Nairobi kwa rangi, Wazungu walichukua miinuko ya magharibi, yenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Mwafrika akaelekezwa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Tambarare hii ni udongo mweusi wa pamba. Kiangazi hupasuka nyufa. Masika huvimba, ukaganda kwenye tairi na kuteleza chini yake. Baada ya uhuru jiji likazidi kusogea huku huku. Miaka ya 1970 zikaja Buruburu, Umoja na Dandora, kisha watu wakanunua ploti mbele zaidi, Njiru na Ruai, ambako nyumba hufika miaka mingi kabla ya lami.

Kwenye udongo huu Baba aliendesha Peugeot 404. Tairi za nyuma ndizo zilizovuta, kwa hiyo masika aliweka gunia la mchanga kwenye buti ili zikandamizwe. Gari hilo halikuwa la kuchezewa: mwaka 1963, na tena 1968, dereva Nick Nowicki alishinda Safari Rally kwa 404 wakati magari saba tu yalimaliza mbio, mengine yakishindwa na matope na mito.

Huko Japani, Subaru ilianza kuuza Leone ya fowili, yaani inayovutwa na tairi zote nne, mwaka 1972, gari la kawaida la familia. Audi Quattro ikafuata 1980 na kutikisa mbio za Ulaya. Safari haikutikisika haraka. Toyota Celica, inayovutwa na tairi za nyuma, iliendelea kushinda 1984, 1985 na 1986 kwa uvumilivu, hadi Hannu Mikkola alipoipa fowili ushindi wake wa kwanza kwa Audi 200 mwaka 1987. Ilipofika 1994, Ian Duncan alishinda kwa Celica ya fowili na Patrick Njiru akafika wa nne kwa Subaru Impreza. Vijana wa mitaa hii waliokuwa wakimshangilia Njiru ndio waliokuja kununua Subaru za mtumba kutoka Japani, nyingine zikiwa zimetengenezewa theluji.

Zote huitwa fowili, lakini tabia zao si moja. Toyota Sprinter Carib ya 1982 ina mkono wa kuvuta: ukiuvuta, mbele na nyuma hufungwa pamoja. Matopeni ni mkombozi. Kwenye lami kavu gari hugoma kukata kona, maana tairi za mbele huzunguka safari ndefu kuliko za nyuma. Subaru nyingi huvuta kote wakati wote, na kifaa cha katikati huruhusu tofauti hiyo. Honda CR-V ya kwanza huvuta mbele tu. Tairi zikianza kuzunguka bure, pampu mbili za mafuta huisukumia nyuma nguvu. Kabla nyuma haijaitika, tairi za mbele zimeshachimba shimo.

Kwa kuwa mifumo hii huitikia tofauti ya mzunguko wa tairi, nikiletewa difu ya nyuma iliyoungua, jambo la kwanza ninalotazama ni tairi. Mtu amenunua mbili mpya akaacha mbili zilizolika. Mzunguko umetofautiana, na mfumo umefanya kazi bila kupumzika mpaka ukapika mafuta yake.

Kuna jambo jingine ninalomwambia kila mteja: fowili hukusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Breki za Toyota Probox isiyo ya fowili na za Subaru Forester hutegemea tairi tu, na udongo wa pamba ukishajaza meno ya tairi, magari yote mawili huingia mtaroni Ruai. Wa Forester huingia kwa kasi zaidi, kwa kuwa gari halikumwonya alipokuwa akiondoka.

Na gharama? Propela ya pili na difu ya pili ni uzito, na uzito hunywa mafuta. Tangu Julai 2024 kila lita hukatwa shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Kwa hiyo jirani yangu wa Mihang'o, aliyenunua fowili kwa sababu hana barabara, huchangia mfuko wa barabara zaidi kuliko mwenye gari dogo anayeishi kando ya lami.