Kasongo: Mji Uliohama, Lugha Iliyobaki

Leo tunashika ulizo moja lililoleta matata mengi katika inchi yetu: nani ni mwenyeji, na nani ni mgeni? Tutalitazama kwa njia ya historia ya mji mmoja mdogo, Kasongo, katika Maniema, mashariki ya mto Lualaba.

Kasongo ya zamani haikuwa pale ilipo leo. Ilikuwa mahali panapoitwa Tongoni, maana yake kijiji kilichoachwa. Mbele ya mji ule, inchi ilikuwa na wenyewe: Wazimba, Wabangubangu na wengine, na kwenye mto Wagenya, watu wa mitumbwi.

Karibu na mwaka 1875 akafika Tippu Tip, mfanyabiashara aliyezaliwa Unguja. Alitafuta pembe za tembo, akaja na bunduki. Tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", lakini mgeni huyu hakumponya mwenyeji. Vijiji vilichomwa, watu wakafungwa minyororo, wakabebeshwa pembe mpaka pwani.

Lakini watumwa wengine walibaki Kasongo. Walilima, wakajenga, wakachukua dini ya Kiislamu, na wengi wakaitwa Waungwana. Lugha yao, Kingwana, ni mzazi wa Kiswahili tunachosema leo huku mashariki. Daktari Mwingereza Hinde, aliyeingia na jeshi la Leopold, aliandika kwamba alikuta kandokando ya mji mashamba mazuri ya miwa, mpunga, mahindi na matunda. Mikono iliyolima ni ya nani? Ni ya hao waliochukuliwa kwa nguvu.

Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake kule Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye watu wa Leopold na watu wa Tippu Tip walikuwa vitani. Tarehe 22 mwezi wa nne 1893 askari wa Dhanis wakaingia Kasongo. Wengi husema ilikuwa vita ya Wazungu na Waarabu. Hapana. Pande zote mbili, waliopigana na kufa kwa wingi walikuwa watoto wa Kongo. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dhanis na wapiganaji wake wengi. Mwezi wa tisa mwaka huohuo maofisa wa Leopold wakampiga risasi. Huo ndio mshahara aliolipwa.

Halafu kituo cha serikali kikahamishwa, na Tongoni ikaachiwa pori. Mnyororo ulikatwa, lakini ikaja kazi ya lazima, watu wakilazimishwa kuleta mpira na pembe. Kasongo mpya ikawa kiti cha teritwari, na mwaka 1959 ikafanywa pia dayosisi ya Kanisa Katoliki. Mpaka leo msikiti na kanisa viko katika mji mmoja.

Ndugu zetu, historia hii inatufundisha nini? Kwanza, mabaya yaliyotendwa yasifichwe. Wazee wayaseme wazi, maana kidonda kinachofunikwa huoza. Lakini mjukuu asidaiwe deni la babu yake. Ziko jamaa zenye babu aliyeshika mnyororo na bibi aliyefungwa nao. Utawagawa namna gani?

Pili, wenye udongo wana haki yao, nayo iheshimiwe. Aliyehama akipokewa, aombe shamba kwa shefu, asinyang'anye. Naye shefu asimwite mgeni milele mtu anayelima, anayeoza watoto na kuzika wafu wake palepale.

Tatu, kiongozi akiwaita mkapigane na jirani, kumbukeni Ngongo Lutete. Wakubwa hupatana na kugombana kwa faida yao, nasi tunabaki na makaburi.

Mkizima redio, kaeni pamoja mzungumze juu ya maulizo haya: Katika mtaa wenu, nani alifika wa kwanza, na nani alimpokea? Ni jambo gani la zamani ambalo hamjathubutu kulisema mbele ya jirani? Mzee aanze, kijana asikilize, kisha kijana aulize.

Mungu awape amani. Kwaherini.