Taa ya buluu, maji ya kisima na injini yangu

Vitz halina mshale wa kuonyesha joto la injini. Lina taa mbili tu zenye picha ya kipimajoto. Ya buluu huwaka ukiwasha gari asubuhi na huzimika injini ikishapata moto. Nyekundu huwaka mambo yakiharibika. Langu lilikuwa na kijitabia: ile ya buluu ilikuwa haitaki kuzimika. Natoka Kisauni, navuka daraja la Nyali, nafika mjini, bado yawaka. Nikamwuliza fundi wangu wa wakati huo, akaniambia hiyo ni tabia ya gari tu, tena ni nzuri, maana injini haishiki moto. Nikafurahi.

Miezi michache baadaye tulikuwa twaenda arusini Voi, mama yangu kakaa mbele, watoto nyuma. Gari likanizimikia katika mpando wa Mazeras, na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe imepinda ikabidi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Pesa zilizonitoka zilikuwa karo ya muhula mzima. Mimi si fundi, lakini tangu siku hiyo nimejilazimisha kuelewa kilichotokea, na nakiandika hapa kwa sababu nawaona wengi wakienda njia ile ile.

Kwanza ile taa ya buluu. Ndani ya injini mna kidude kiitwacho thamostati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Mafundi wengi wa huku kwetu hukitoa na kukitupa, wakisema Mombasa ni joto, hakina kazi. Kina kazi. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi, na oili yake haipati moto wa kukausha unyevu unaoingia. Ikiwa gari lako lina taa ya buluu na yakaa dakika nyingi ukiwa barabarani, uliza kama thamostati imo. Langu haikuwemo.

Pili, maji. Fundi yule yule alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya kisima. Kila mtu wa kisiwani ajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi. Sufuria ya chai yaonyesha. Chumvi hiyo hugandamana ndani ya mirija myembamba ya rejeta na kula madini ya pampu na hedi. Hapa ndipo penye kosa kubwa la watu wa pwani: twaamini kulanti ni dawa ya barafu, na huku hakuna barafu. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Nyingine ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ile ya waridi ya Toyota huja imeshachanganywa, haitiwi maji. Kwa gari jipya hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Gari lililonunuliwa kwa mkono wa pili, usilihesabie hivyo. Likifika mikononi mwako, mwaga yote uanze upya, maana hujui aliyekutangulia alitia nini.

Tatu ndilo lililonishangaza. Taa nyekundu haikuwaka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kihisio cha joto chafaa kizame ndani ya maji ndipo kipime sawa. Maji yakipungua mno, chabaki hewani, nacho huenda kikasoma kama kwamba hakuna tatizo huku injini yaungua. Na katika magari mengi kihisio hicho hicho ndicho kinachoamrisha feni iwake. Kwa hivyo taa isikufanye ukalala. Kila wiki, asubuhi gari likiwa baridi, fungua boneti utazame chupa ya akiba ya rejeta: maji yawe baina ya mistari miwili. Yakishuka tena na tena, kuna yanakotokea, hata kama huoni tone chini.

Feni pia ijaribu mwenyewe. Washa kiyoyozi gari limesimama, utaisikia ikianza. Kwenye foleni ya feri ya Likoni hakuna upepo wa mwendo wa kuipoza rejeta, yote yategemea feni hiyo.

Na injini ikichemka njiani? Zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho wa moto (watoto watalia, waache walie, hita yatoa joto kwenye injini), tafuta pa kusimama salama, zima. Usiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyobanwa humo huweza kukaribia digrii 120 bila kuchemka, na ukifungua yote yakurukia usoni. Binamu yangu ana kovu la mkono mpaka leo. Wala usimwagie injini maji baridi.

Oili nitaisema kwa ufupi. Probox, Fielder na Axio nyingi za 1500 zina injini ya 1NZ, ambayo hutumia mnyororo, si mkanda. Atakayekuambia mkanda wa taimingi wa injini hiyo wataka kubadilishwa, badilisha fundi. Mkanda ulikuwa kwenye zile za zamani kama 5A, na huo kweli hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mnyororo walindwa na oili safi, basi. Injini hiyo hunywa kama lita 3.7 pamoja na filta. Ukiuziwa galoni ya lita nne usikubali imiminwe yote. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, na mwenye kushinda kwenye foleni abadilishe mapema zaidi, kwa kuwa injini yafanya kazi na kilomita hazisogei. Ukiona utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili pekee, huenda ni unyevu wa safari fupi fupi. Ukiuona kwenye kijiti cha kupimia, simamisha gari, hayo ni maji ya rejeta.

Sasa vile vituko visivyokuwa na neno. Maji yanayotona chini ya kiti cha abiria wa mbele ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa hewa yetu yatatona sana. Wasiwasi uje yakiacha kutona na zulia likalowa: mpira wake umeziba. Mkanda unaolia asubuhi dakika moja kisha ukanyamaza ni umande. Ukilia mchana pia, ubadilishe. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni kutu, na upepo wa bahari wauzidisha. Fungua hasi kwanza, safisha kwa maji moto, kausha, paka grisi. Redio isiyoshika stesheni zetu si mbovu, bali Japani masafa yao huanzia 76 na redio nyingi za kule hukomea 90. Kuna kidude cha kuongezea.

Na ile sauti ya kike inayosema Kijapani kila ukiwasha gari, yakuambia tu kwamba hukutia kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Fundi wa umeme huing'oa kwa dakika tano. Langu nimeliacha nayo, kwa kuwa watoto wameshazoea kuijibu.