Kiti cha Mtoto Garini: Miaka ya Kumtoa Mapajani

Magari mengi ya Kijapani yanayoingia Bunia, Kongo, kutoka Mombasa kupitia Kampala na Mahagi huja na kitu ambacho mwenye gari anaweza kukaa nacho miaka bila kukijua. Penyeza vidole kwenye ufa wa kiti cha nyuma, pale kikalio na mgongo wa kiti vinapokutana, utagusa vyuma viwili vyenye unene wa milimita 6, vimeshikizwa kwenye bodi ya gari. Ni vya kufungia kiti cha mtoto, kwa mfumo uitwao ISOFIX. Japani ilivifanya vya lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 2012, na viwanda vingi vilikuwa vimeanza kuviweka kabla ya hapo.

Kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha kufanyika kiwandani, ilhali mtoto bado anasafiri mapajani.

Kumtoa hapo kumechukua muda mrefu popote duniani. Kiti ambacho kampuni ya Bunny Bear ya Marekani ilikitengeneza mwaka 1933 kilimwinua tu mtoto ili mzazi amwone huku akiendesha. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, hakikuzuia chochote. Ni mwaka 1962 ndipo Jean Ames, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Leonard Rivkin wa Denver, Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walipobuni viti vya kumlinda.

Daktari Bertil Aldman wa Sweden alikwenda mbali zaidi. Aliwatazama wanaanga wa Gemini, mpango wa anga wa Marekani, wakiwa wamelala chali, mgongo mzima ukipokea nguvu ya roketi, akawaza shingo ya mtoto mchanga: kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili, na shingo bado ni laini. Mwaka 1964 kiti chake cha majaribio, ambacho mtoto alikaa akitazama nyuma, kilijaribiwa ndani ya Volvo. Hadi leo hakuna wazo lililolishinda hilo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, R129, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15.

Sheria ndiyo iliyokuwa ngumu. Huko Tennessee, Marekani, daktari wa watoto Robert Sanders alipigania sheria ya kwanza ya viti vya watoto nchini humo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1978. Lakini wabunge walichomeka kifungu kilichoruhusu mtoto apakatwe na mtu mzima. Sanders hakunyamaza mpaka kifungu hicho kikafutwa mwaka 1981. Alikuwa na haki kabisa: gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu inayozidi kilo 200. Hakuna mikono inayomshika, hata ya mama aliyeshika jembe huko Djugu tangu utotoni.

Gari lisilo na vile vyuma vya ISOFIX hutumia mkanda wake wa kawaida. Upitishe kwenye njia zilizochorwa kwenye kiti. Viti vingi vya Ulaya huwa na alama ya buluu kwa mtoto anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Kandamiza kiti kwa goti, vuta mkanda, kisha kitikise pale mkanda unapopita. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya. Kiti cha kutazama nyuma kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kiti cha mitumba kilichowahi kupata ajali hakifai, hata kama kinang'aa.

Usukani wa magari haya uko kulia, na Kongo huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo mlango wa kumshushia mtoto mbali na pikipiki zinazopita ni ule ulio nyuma ya dereva, si wa kushoto kama Kampala, wanakoendesha upande wa kushoto. Na kwa kuwa Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi, mikanda ikazwe kwanza kifuani mwa mtoto, ndipo afunikwe blanketi au kitenge juu yake.