Picha ya Ufukwe wa Unguja Ukutani kwa Bibi

Katika sebule ya marehemu bibi yangu, hapa Maskati, palitundikwa picha moja tu ya mahali: ufukwe wa Unguja uliopigwa kutoka baharini. Mgeni akiuliza, alijibiwa kwamba hiyo ndiyo nchi yetu, Unguja ya Seyyid Barghash, kabla haijaguswa na mkono wa Mzungu.

Mwezi uliopita niliiteremsha niipanguse vumbi, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Mnara wa saa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Seyyid Barghash alipolijenga jumba hilo mwaka 1883 halikuwa na mnara. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele, karibu na maji, kama unavyoonekana katika picha za zamani zaidi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri kwa mizinga, muda usiotimia saa moja, ili kumwondoa Seyyid Khalid. Mnara ule uliharibika, Beit al-Hukm haikujengwa tena, na mnara mpya ukaunganishwa na Beit al-Ajaib mwaka 1897. Tena katika picha yetu milingoti imechomoza majini: ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku hiyo, ambayo mabaki yake yalikaa pale hadi 1912.

Kumbe tulichokiita nchi isiyoguswa ni nchi iliyokwisha kupigwa, chini ya himaya ya Mwingereza tangu 1890.

Picha za namna hii ziliuzwa na wapiga picha wa Kigoa, kina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na wanunuzi wengi walikuwa abiria wa meli. Ndiyo maana zinautazama mji kama autazamavyo anayewasili: majumba meupe, bendera, maji. Ng'ambo, iliyo nyuma ya mji, haionekani. Wala haionekani mikarafuu, wala waliochuma karafuu wakiwa watumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka uleule 1897. Nasi tulioondoka baada ya 1964 tuliliazima jicho la abiria, tukaliita kumbukumbu.

Nilimweleza mjomba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama yangu aliipenda hivyo hivyo, mwanangu." Nimeirudisha ukutani. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya risasi: baada ya 1896.